Ukuta wa Akina Mama wa Maziwa

Mlinifanyia sherehe nzuri, mkanizawadia saa kubwa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye mwenye haja ya kujua ni saa ngapi. Nashukuru hata hivyo. Iko sebuleni, inagonga kila saa, na paka wangu bado hajaizoea. Kabla ya keki kukatwa, mmoja wenu alinivuta kando akaniomba niandike jinsi tulivyoanza kazi hii ya kuwakinga watu na mionzi, wakati ofisi haikuwapo na hata neno lenyewe hatukuwa nalo. Alisema vipimo anaviweza, lakini wananchi wanamshinda. Nilicheka, kwa maana kwangu mimi ilikuwa kinyume: watu niliwaweza mapema, vipimo ndivyo vilivyonitoa jasho.

Vyeo sitaviandika, mlivisoma vyote siku ile kwa sauti kubwa mpaka nikaona haya. Mshahara wa miaka ile nao nikiuandika mtalia. Nitaandika juu ya ukuta mmoja.

Nilianza kazi hospitalini Eldoret enzi za wakoloni, wakati mashamba yote ya ngano uliyoweza kuyaona kwa macho yalikuwa ya wazungu, na sisi wenyeji mji tuliuita Sisibo, kwa sababu hapo mwanzo ulikuwa shamba namba sitini na nne, na hiyo ndiyo sauti tuliyoipata katika Kiingereza chao. Baba yangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Kaptagat. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, nina viatu vya kwanza maishani mwangu, na vinanibana. Hospitali ilimtafuta msichana anayejua Kiingereza, Kiswahili na lugha yetu ya Kikeiyo, ambayo Wanandi nao huielewa bila shida. Kifua kikuu kilikuwa kikimaliza watu, daktari alitaka wapigwe picha za kifua, na akina mama walikuwa wamekataa katakata kuambiwa na mwanamume wavue nguo. Ndipo nikaajiriwa. Nilidhani nitavaa kofia nyeupe kama nesi. Nilipewa aproni ya risasi.

Aliyenipa ni Mzee Andayi, mpiga picha wa hospitali, mtu wa Maragoli, aliyevaa tai kila siku na kuichomeka ndani ya shati ili isichovywe katika dawa ya kusafishia filamu. Aproni ile ilikuwa na mabati ya risasi ndani yake, ile metali inayozuia mionzi, nzito kupita kiasi. Nilipoivaa nilipepesuka nikashika meza.

"Pole pole, binti," akasema. "Ukiizoea hiyo, hata mume utamuweza."

Siku hiyohiyo alinifundisha kazi yote, ingawa ilinichukua miaka kujua kwamba ilikuwa yote. Mashine ilikaa katikati ya chumba cha mbao chenye paa la bati. Ukiiwasha ilinguruma, halafu ikatoa mlio mkavu, tak, na picha ikawa imepigwa. Mgonjwa aliyeshtuka akatikisika aliharibu filamu, na aliyeharibu filamu ilibidi apigwe tena.

"Kwa hiyo mwambie kila kitu mbele," Mzee Andayi alisema. "Mwambie itanguruma. Mwambie itasema tak. Mwambie haiumi. Na ukitafsiri maneno ya Daktari, tafsiri vile yalivyo. Usitie sukari. Mtu akionja sukari yako leo, kesho hata chumvi hataamini."

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuja wiki hiyo. Mama mmoja wa Kinandi alikubali kila kitu, akavua shuka, akasimama vizuri, lakini alipoambiwa atoe mapambo ya shaba yaliyovuta ndewe za masikio yake hadi karibu na kifua, alikataa. Daktari, mzungu mrefu ambaye uso wake ulikuwa mwekundu hata asubuhi ya baridi, akasema chuma chochote kitaharibu picha. Mama akazidi kukataa. Nami nilijua sababu: kwetu, mwanamke aliyeolewa huyavua mapambo yale mumewe akifa. Na mumewe alikuwa pale nje, mzima, akichungulia dirishani. Aliposikia mkewe anaambiwa avue, alipiga kelele, "Mnaniua na nimesimama hapa?" Nilimweleza Daktari. Akaniomba kitambaa, na tukayafunga masikio ya mama yule juu ya kichwa pamoja na shaba zake zote, mbali na kifua. Picha ikatoka safi. Mume akaenda nyumbani akiwa hai, na tangu siku hiyo kitambaa kile kilining'inia mlangoni pamoja na aproni.

Sasa nije kwenye ukuta wenyewe. Mnaojua Eldoret mnajua baridi ya Julai inavyouma kule juu. Akina mama waliouza maziwa kwa wagonjwa na wafanyakazi waliteremka asubuhi kutoka mashambani, vibuyu mgongoni, na walikuwa wamegundua kwamba mahali penye joto kuliko pote katika hospitali nzima ni nje ya ukuta wa mashariki wa chumba cha picha. Jua lilipiga pale mapema na upepo haukufika. Hospitali yenyewe ilikuwa imewawekea benchi. Waliegemea mbao, wakanyoosha miguu, wakauza na kusengenya hadi saa za mchana. Mkubwa wao alikuwa Kogo Tabarno. Kogo kwetu ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa kila mtu, mwenye kopo la ugoro lililofungwa kwa mkufu mwembamba wa chuma shingoni. Kando yake aliketi mke wa mwanawe, Jerotich, msichana aliyelingana nami kwa umri, ambaye alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mimi na Jerotich tulipatana. Alinibakizia maziwa ya chini ya kibuyu, yale mazito, nami nilimpelekea makopo matupu ya dawa ambayo aliyapenda kwa sababu yalikuwa na mfuniko.

Mwaka huo hospitali ilitoboa mlango mpya katika chumba cha picha, na ili mlango upate nafasi, mashine iligeuzwa. Kibao ambacho mgonjwa huwekea kifua kilihamishwa kutoka ukuta wa magharibi kikapigiliwa upande wa mashariki. Hakuna aliyekumbuka kwamba mabati ya risasi, yaliyowekwa na waliojenga ili kuzuia mionzi isitoke nje, yalibaki magharibi yakilinda stoo ya mablanketi. Mimi sikujua hata kama yapo. Mzee Andayi alisema jambo hilo lilimpita kwa sababu siku ya kugeuza alikuwa likizo kwao, na nikamwamini, maana alilisema akiwa amekasirika.

Baada ya muda akaja inspekta kutoka Nairobi. Alikuwa Mwingereza mfupi mwenye miwani, kazi yake kuzunguka hospitali akikagua mashine za eksirei. Hakuwa na mitambo kama hiyo yenu inayolia. Alikuwa na vipande vidogo vya filamu vilivyofungwa katika karatasi nyeusi, na mfuko uliojaa funguo kuukuu. Juu ya kila filamu alifunga ufunguo mmoja, kisha akavipigilia nje ya kuta zote za chumba, akaviacha huko wiki kadhaa. Akili yake ilikuwa hivi: kama mionzi inapenya ukuta, itaifanya filamu iwe nyeusi, ila mahali palipofunikwa na ufunguo patabaki peupe, na kivuli cha ufunguo kitaonekana. Kama haipenyi, filamu itatoka tupu. Ni kipimo kizuri sana, na bado ninakipenda. Watu walimpa jina la Bwana Funguo hata kabla hajamaliza kupigilia.

Lakini Bwana Funguo hakumwambia mtu yeyote anafanya nini. Alipigilia, akapanda gari, akaenda Kitale.

Alipoondoka tu, Kogo Tabarno akaja mlangoni mwetu na funguo mkononi, zote, na vipande vya filamu vikiwa vimefunguliwa kuona kama ndani kuna hela au dawa.

"Mzungu wenu ni msahaulifu," akasema. "Ameacha funguo zake kila mahali. Tumemkusanyia kabla wezi hawajaziona."

Na alitarajia ashukuriwe. Mzee Andayi akageukia ukuta, mabega yakamtikisika kwa kicheko, kisha akamshukuru vizuri kabisa. Bwana Funguo aliporudi na kuambiwa kwamba kazi yake yote imeharibiwa na uaminifu, mimi nilitegemea atafoka. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akasema jambo ambalo wengi wa vyeo vyake hawakulisema mbele yetu.

"Sikuwaomba ruhusa. Ukuta ni wao kuliko wangu. Uwe mdomo wangu, binti, kabla sijapigilia tena."

Tulikwenda kwa akina mama. Nilieleza kwamba ndani ya mashine kuna kitu mfano wa jua, lakini jua lisilo na joto wala mwanga, linalopita ndani ya nyama na kutuonyesha mifupa. Bwana huyu anataka kujua kama jua hilo linatoka nje. Funguo ni mtego wake. Kogo Tabarno akasema kama ni mtego basi angesema mapema, wao wanajua kulinda mtego. Na walilinda. Mlevi mmoja alipojaribu kung'oa ufunguo, walimfukuza kwa vibuyu hadi barabarani.

Wakati filamu zilipokuwa tayari, tuliingia wote watatu katika chumba cha giza cha kusafishia filamu, mimi, Mzee Andayi na Bwana Funguo, chini ya taa nyekundu. Filamu ya magharibi ilitoka tupu. Ya kusini tupu. Mzee Andayi akaitumbukiza ya mashariki katika dawa, akaitikisa taratibu, na mbele ya macho yetu ufunguo ukaanza kutokea, kichwa chake, shingo yake, hata meno. Mimi akilini nilimwona Jerotich na mimba yake ameegemea mbao zile, asubuhi baada ya asubuhi.

Bwana Funguo alitoka akaizima mashine, akafunga swichi kwa waya na kugongea lakiri, na kumwambia Daktari kwamba haitawashwa hadi ukuta ule uwe na risasi. Hapo hawakuvutana. Walivutana juu ya jambo jingine, na walivutana mbele yetu kwa Kiingereza, wakisahau kwamba niliajiriwa kwa sababu ninakijua.

"Nitaleta mabati, fundi atayapigilia Jumamosi," Daktari alisema. "Jumatatu wataukuta ukuta mpya. Hakuna haja ya kuwatisha. Nimechukua miaka kuwashawishi waje kupigwa picha. Ukiwaambia, watakimbia wote, na kifua kikuu hakitawasubiri."

Na nataka mwelewe kwamba Daktari hakuwa mtu mbaya. Alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimewaona waliochelewa kuja.

"Na wakisikia kwa fundi?" Bwana Funguo akauliza.

Daktari akamgeukia Mzee Andayi, kana kwamba anamwomba msaada. "Fundi atanyamaza?"

"Daktari," Mzee Andayi akajibu kwa upole, "fundi ni mtu wa kwetu. Kabla hajapiga msumari wa pili, hata kule Burnt Forest watakuwa wamejua."

Basi ikakubaliwa watu waambiwe. Daktari aliomba aseme Bwana Funguo, maana yeye, alisema, angekosea.

Tuliwaita akina mama upande wa pili wa uwanja, mbali na ukuta, tukakaa nyasini. Hata wagonjwa na wapishi walikuja. Bwana Funguo hakusimama; alikaa chini kama sisi, suruali yake ikapata matope. Alianza kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Mama zote, sikia. Ile kitu ndani ya mashine ilipita hii ukuta. Makosa iko kwa sisi, hapana kwa nyinyi. Mimi nafunga mashine. Sasa nyinyi uliza, mimi nasema kweli. Kama mimi hapana jua, mimi nasema hapana jua."

Kisha akaendelea kwa Kiingereza, nami nikitafsiri.

"Kitu hicho kinaingia katika maziwa?" Kogo Tabarno aliuliza kwanza, kama ilivyompasa.

"Hapana. Kinapita tu. Hakibaki katika maziwa wala katika mwili, kama mwanga usivyobaki chumbani taa ikizimwa."

"Na mkamuaji?"

"Hata kwake hakibaki."

Wakaanza kupumua. Mmoja akauliza kama kinaweza kuwafanya wanaume waache kunywa pombe, watu wakacheka, na nikadhani tumevuka. Ndipo Jerotich akainua uso. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Mimi nimekaa pale kila siku," akasema. "Mtoto wangu?"

Bwana Funguo alimtazama Jerotich, hakunitazama mimi.

"Kilichopita ukutani kilikuwa kidogo sana. Sidhani mtoto amedhurika. Nikiulizwa niamue, ningesema atazaliwa salama. Lakini mtoto tumboni ni mwepesi wa kudhurika kuliko sisi, na siwezi kuapa. Sijui kwa hakika."

Sasa wote wakanitazama mimi. Ndugu zangu, nimezungumza na mawaziri na wenye viwanda tangu siku hiyo, na sijawahi kubeba sentensi nzito kama ile. Jerotich alikuwa rafiki yangu. Katika lugha yetu ilikuwa rahisi mno kuiacha ile "siwezi kuapa" ianguke njiani. Hakuna ambaye angejua. Mzee Andayi, aliyesimama nyuma ya watu na tai yake shatini, hakuelewa neno la Kikeiyo, lakini alikuwa ananitazama usoni. Nikasema yote, hadi ile "sijui".

Jerotich alinitazama kama mtu niliyemmwagia maji. Akanyanyuka, akajitwika kibuyu chake kikiwa bado kimejaa, akaondoka. Mmoja mmoja wenzake wakamfuata. Kesho yake benchi lilikuwa tupu, na benchi la ndani la kusubiria picha lilikuwa tupu pia. Daktari alipita, akaangalia mabenchi yote mawili, akageuka akarudi wodini.

Risasi ililetwa, fundi akaipigilia, na kama Mzee Andayi alivyotabiri alieleza habari zake mji mzima, ila sasa habari yenyewe ilikuwa imezeeka, watu wakamwambia wanaijua. Hilo lilimchukiza sana.

Kisha Kogo Tabarno akarudi, peke yake, na kibuyu kimoja cha maziwa ya mala, yaani ya mgando, yaliyotiwa mkaa, meusi-meusi kama yapendwavyo kwetu. Alimkuta Bwana Funguo na Daktari nje wakikagua kazi ya fundi.

"Mnasema ukuta umepona," akasema, nami nikatafsiri. "Kwetu mwenye maziwa huonja kwanza, mgeni akiona, ndipo mgeni anywe."

Bwana Funguo akaelewa kwamba anakaribishwa maziwa. Akashika kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, akakunja uso, akameza kishujaa, mdomo umezungukwa na weusi. Kogo akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwambie maziwa ni yangu, mimi ndiye wa kuonja. Ukuta ni wao. Nani ataonja ukuta?"

Nilipotafsiri, Bwana Funguo alifuta mdomo, akaenda akaketi pale benchini, akaegemea mbao kwa mgongo wote. Kogo akatikisa kichwa.

"Huyu kesho yuko Nairobi. Mwenye nyumba ndiye huonja."

Na akamtazama Daktari.

Nawaambia, sikupata kumwona mtu mwekundu akazidi kuwa mwekundu kama siku ile. Lakini alikubali. Kuanzia siku iliyofuata, Daktari alikunywa chai yake ya asubuhi kwenye benchi lile, mashine ikiwapiga picha wagonjwa wa wodini nyuma ya mgongo wake, kila alipoisikia tak akimeza chai kwa nguvu kidogo. Mwanzoni alikuja na gazeti ili asitazamane na mtu. Baadaye Kogo alikuja kukaa upande wa pili wa benchi kumsimamia, na kwa kuwa mtu hawezi kusoma gazeti huku Kogo Tabarno anaongea, wakaanza kuzungumza, mimi katikati. Ndivyo Daktari alivyojua kwamba wagonjwa walichelewa kuja, mara nyingi, kwa sababu wenye mashamba walikataa kuwapa ruhusa ya kutoka, si kwa sababu ya ushamba wao kama alivyokuwa anafikiri. Aliwaandama wenye mashamba hao mpaka baadhi yao wakaacha kumwalika kwao.

Bwana Funguo naye hakuondoka kabla ya kupima upya. Safari hii alimwomba Kogo achague mwenyewe mahali pa kupigilia filamu. Kogo akakagua ukuta kama anayenunua ng'ombe, akachagua pale alipozoea kukaa mkamwana wake. Alipopewa ufunguo akaukataa. Mtego wa mtu mwingine hauamini, alisema. Akafungua mkufu wa kopo lake la ugoro, akaufunga juu ya filamu kwa mkono wake, na siku zote zile alibeba kopo lake la ugoro mkononi akilalamika.

Siku ya kuisafisha tulimwingiza katika chumba cha giza. Alishika mkono wangu kwa nguvu chini ya ile taa nyekundu. Mzee Andayi alimwonyesha kwanza ile filamu ya zamani yenye ufunguo, kisha akaitumbukiza mpya. Tulingoja. Ilitoka tupu kama kioo.

"Mkufu wangu uko wapi?" Kogo akauliza.

"Haupo, Kogo. Hakuna kilichofika kuuchora."

Alivuta harufu ya dawa, akapiga chafya, akasema sawa. Akaibeba filamu ile tupu, ikiwa bado na maji, akazunguka nayo sokoni akiwaonyesha watu kwamba hakuna kitu ndani yake. Kabla ya mwezi kwisha akina mama walikuwa wamerudi benchini, na wagonjwa wa kifua wamerudi nyuma yao, wengine wakiomba kwanza wamwone Daktari akinywa chai.

Aliyekosekana ni Jerotich. Alibaki nyumbani, hakutaka kusikia habari ya hospitali. Kabla Bwana Funguo hajarudi Nairobi aliniachia agizo moja tu: nimtembelee hadi ajifungue, mara kwa mara, niwe na habari au nisiwe nayo.

"Akikuambia uondoke, ondoka," alisema. "Kisha rudi."

Hospitali ilinipa baiskeli, na niliendesha hadi shamba walikoishi, njia ya Kaptagat, nikipita kando ya msitu, sketi imefungwa kwa pini. Mara ya kwanza Jerotich hakutoka nje. Niliketi na Kogo, nikasalimia, nikaondoka. Mara ya pili alitoka, akakamua ng'ombe akinipa mgongo, na nikamweleza ng'ombe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa ananitazama, kwamba sina jipya, nimekuja kuona tu. Mara nyingine akaniuliza, bila kugeuka, kama yule Bwana ameshajua. Nikamwambia hajajua, wala hatajua kabla ya mtoto mwenyewe kusema. Akasema, "Basi unakuja kufanya nini?" Nikasema, "Kukwambia hivyo." Niliogopa kila safari. Nilipoona moshi wa nyumba yao kutoka mbali, nilitamani baiskeli ipate pancha. Haikupata hata siku moja.

Kisha mvua zikanyesha, njia ikafungwa na matope, na sikuweza kwenda. Nilipofika tena, hakuna aliyenipokea njiani. Kogo alikuwa shambani. Jerotich alikuwa ameketi mlangoni juani, amekwisha maliza siku zake za kukaa ndani za uzazi, na kitu kimefungwa katika shuka mapajani mwake. Ndipo kile kitu kikalia, kilio kikubwa cha hasira cha mtu mwenye afya na njaa, nami nikaegemeza baiskeli kwenye ua, ikaanguka, nikaiacha.

"Ni msichana," Jerotich alisema. "Nimehesabu vidole mpaka vimechoka kuhesabiwa. Ananyonya, anashika, anageukia sauti. Mkunga hajaona kitu."

Nikaanza kulia palepale, bila haya. Yeye hakulia. Akaniuliza:

"Angezaliwa na kasoro, ungekuja leo?"

"Ningekuja."

"Ungeniambia ni ule ukuta?"

"Ningekwambia huenda ni ukuta, na huenda si ukuta. Na kwamba makosa ya ukuta yalikuwa yetu."

Akamfunika mtoto miguu, akamfunua, akamfunika tena.

"Mimi nilikuchukia," akasema, "kwa sababu wengine wote waliniambia usijali, na ni maneno yako peke yako ambayo sikuweza kuyasahau. Kila walipoondoka nilibaki na hofu. Ukiondoka wewe, nilibaki nayo vilevile, lakini angalau tulikuwa wawili."

Akasimama, akanyoosha mgongo, akachukua mtungi. Akamweka mtoto mikononi mwangu, mzito kuliko nilivyodhani na moto kama mkate.

"Mshike, nikachote maji."

Akateremka mtoni bila kugeuka nyuma.